Rili Niliyoichagua Nikiwa Kitini

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi kwa kujisifu, ni ugonjwa. Kutoka mlangoni kwangu hadi steji ya Garsen ni mwendo wa kumaliza kipande cha muwa, na bado hutafuta mtu wa kumtuma. Kidato cha nne nilimaliza, na wanaonijua husema masomo yote yale yalinifaa kwa jambo moja tu: kupanga sababu za kutotoka. Kwa hiyo baba alipotaka fimbo ya kuvulia, nilimchagulia nikiwa kitini, simu mkononi, chai pembeni. Hasira niliyo nayo mpaka leo ilianzia hapo, na wa kwanza ninayemkasirikia nakutana naye kila asubuhi ninaponyoa ndevu.

Baba ni mkulima wa ukingoni mwa mto. Amelima mpunga na migomba, na jua likipoa alitega ndoana za kambare akiwa kwenye mtumbwi. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Mguu ukarudi nusu, mkono ukarudi robo. Dada yangu, aliyeolewa Kipini, mto unapoingia baharini, akamchukua akae naye. Hospitalini Ngao walikuwa wamempa mpira mdogo wa kufinya ili vidole viamke. Aliufinya siku mbili, akawarushia mbuzi.

"Mimi si mtoto wa kuchezea mpira," aliniambia kwenye simu. "Hapa pwani nimeona mtu amesimama mchangani na fimbo yenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Anarusha, anazungusha, anarusha, anazungusha. Nitafutie hiyo. Mkono wa kushoto utashika, wa kulia utazungusha. Afadhali ufanye kazi kuliko kufinya upepo."

Alichotaka kilikuwa kimoja: mkono ule urudi kuwa mkono. Samaki walikuwa kisingizio.

Nikamwandikia muuzaji mmoja wa Malindi kwa simu. Akaniuliza maswali ya maana, sharti nikiri. Samaki wa kiasi gani? Nikajibu, wa kutosha watu sita. Mvuvi ana nguvu gani? Nikajibu, mzee, mkono mmoja mzima. Maji ya chumvi au maji matamu? Hapo ndipo nilipojiona mjuzi. Nikaandika: "Maji ya kahawia, sawa na mto wetu."

Kwetu maji hujulikana kwa rangi. Ya kahawia ni Tana: unayateka, unayaacha yatulie mtungini, unakunywa. Ya buluu ni bahari, na bahari iko kwenye kalenda za ukutani. Kipini nilikuwa nimefika mara tatu, na mara zote niliona kahawia mpaka jicho linapochoka, kwa sababu mto unamwaga tope lake pale. Nikahitimisha, kama msomi. Kuingiza hata unyayo nipime sikuwahi, maana mchanga huingia kwenye viatu.

Fimbo ilifika, na fimbo yenyewe haikuwa na kosa: futi tisa, nyepesi, mkia wake mrefu wa kutosha kubanwa kwapani. Rili iling'aa kama meno ya bwana harusi. Kile kishikio cha kuzungushia kinahamishika, kushoto au kulia, na baba akataka kiwekwe kulia. Nilisifiwa na ukoo mzima, na sifa nikazila zote.

Ikawa kila asubuhi yuko ufukweni. Alirusha kwa mkono wa kushoto, vibaya mwanzoni, kisha vizuri. Akirudi, fimbo inaning'inizwa ukutani na matone yake. Hakuna aliyeisuuza. Kwetu zana ikitoka majini inatundikwa. Nani anaosha kitu kilichotoka kwenye maji? Dada akawa ananipigia: leo amevua hongwe wawili; leo amefunga vifungo vya shati mwenyewe, kwa mkono wa kulia; leo amemkatia mtoto embe. Mimi nikiwa kitini nikaitikia, "Si nilisema?"

Kisha siku moja dada akapiga akiwa analia. Samaki mkubwa alikuwa amekamata ndoana, kolekole bila shaka, fimbo ikapinda. Baba akazungusha. Rili ikakataa. Akakaza, ikakataa, mkono ukaanza kutetemeka, na watu wanatazama. Shemeji yangu, yaani mumewe dada, ambaye ni mvuvi wa mshipi wa mkononi na hizo fimbo huziita za watalii, akacheka mbele za watu: "Mzee, mkono huo umekufa! Lete hapa!" Akamnyang'anya, wala hakugusa rili. Alichomoa kisu akakata mshipi, samaki akaenda zake.

"Tangu siku hiyo mkono ule hautumii," dada alisema. "Kula, namlisha mimi. Kwa mkono wa kushoto anaona aibu, na wa kulia anasema umeshazikwa."

Siku ya pili nilikuwa Kipini. Ndiyo, mimi. Shemeji alinikuta mlangoni, akashika kiuno.

"Lo! Yakhe, nani kakufukuza kwako? Nyumba imeungua?"

"Haijaungua."

"Basi kiti kimevunjika."

Nilitaka kumpa jibu ambalo dada asingeweza kulisamehe, nikalimeza. Baba alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Chukua ile fimbo. Mpe mtu mwenye mikono."

Nikaitoa ukutani nikaenda nayo nyuma ya nyumba. Nikashika kishikio, nikazungusha. Hakikwenda. Nikatumia mikono yote miwili, hii mikono yangu isiyojua jembe vizuri lakini mizima. Kikasogea kidogo kwa sauti ya kutafuna mchele wenye mawe, kikaganda tena. Penye ekseli palikuwa na ukoko mweupe, na chini ya ukoko kutu nyekundu. Nikaulamba ule weupe. Chumvi.

Nilisimama pale hasira ikinipanda kutoka miguuni. Mkono wa baba ulikuwa mzima kadiri ulivyokuwa. Kilichokufa kilikuwa kile kikorokoro changu. Ningerudi ndani dakika ile nikamwambia. Badala yake nikasema, "Naipeleka ikatazamwe," nikaondoka kama mwizi wa kuku, kwa sababu nilikuwa nimeshapata wa kumlaumu, naye yuko Malindi.

Nilifika dukani nimejaa maneno. "Umemwuzia baba yangu takataka!"

Muuzaji, mtu mpole mwenye miwani, aliigeuza rili, akainusa. "Hii imekuwa baharini."

"Ulitaka iwe msikitini?"

"Bwana, hii ni ya mtoni. Beringi zake haziwezi chumvi. Hebu ngoja." Akatafuta kwenye simu, akasoma kwa sauti, wateja wanne wakisikiliza: "'Maji ya kahawia, sawa na mto wetu.' Ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Uliyaonja?"

Mmoja wa wateja akakohoa kicheko. Niliwachukia wote, mpaka mizani ya kupimia chubwi, zile risasi za kuzamisha mshipi, iliyokuwa kwenye kaunta. Lakini mtu akisomewa mwandiko wake mwenyewe, atabisha nini?

"Nionyeshe ya chumvi," nikasema.

Safari hii nilichagua nikiwa nimesimama. Nilitia mkono wa kushoto mfukoni, nikazungusha rili moja baada ya nyingine kwa wa kulia, vidole viwili tu, nikijifanya hivyo viwili ndiyo ile robo ya mkono aliyobakiwa nayo baba. Watu walipita mlangoni wakitazama. Kubwa moja, imara sana, ilinichosha kabla sijahesabu ishirini, nikairudisha. Nyingine ilikuwa laini, lakini kishikio chake chembamba kama njiti. Vidole visivyofunga sawasawa vingeshika nini? Nikaishia kwenye ya wastani, iliyozibwa vizuri maji yasiingie, kishikio chake mviringo mnene kama limau, na breki inayoachia mshipi polepole samaki akivuta, mzee asinyang'anywe fimbo. Muuzaji akanitazama juu ya miwani.

"Na isuuzwe kwa maji matamu kila siku. Kwa upole. Hata hii itakufa ukiitundika na chumvi yake."

"Nimesikia."

"Andika."

Nikaandika. Kidato cha nne.

Niliporudi Kipini ilikuwa siku ya tatu tangu nilipoondoka nayo. Baba alikuwa vilevile, uso ukutani. Nikaweka rili zote mbili kitandani, nikasema yote: swali la muuzaji, jibu langu, chumvi, kutu. Nikasema mkono haukuwa na kosa. Sikulainisha neno.

Akageuka.

"Umejua lini?"

"Juzi. Nilipoitoa ukutani."

"Juzi." Alilitafuna neno hilo. "Juzi unajua mkono wangu ni mzima, na ukaniacha hapa na maiti yangu, ukaenda kutembea madukani."

"Nilitaka nije na nyingine, Baba."

"Nani alikuomba nyingine? Mwite yule."

Shemeji akaja akifuta mikono, bado ana cheko lake. Baba akamsukumia rili iliyokufa.

"Zungusha."

"Mzee, mimi mambo ya watalii..."

"Zungusha!"

Akazungusha. Akakaza. Mishipa ya shingo ikamtoka, mtu anayevuta mshipi tangu utotoni. Kishikio hakikusogea.

"Imeganda, mzee."

"Mkono wako umekufa?"

Shemeji akairudisha rili kitandani.

"Nakuuliza wewe. Umekufa?"

"Haujafa, mzee."

"Basi wangu ulikufaje? Sema. Uliyasema mbele za watu, utayakanusha palepale."

Wakaenda ufukweni, shemeji mbele kabeba chambo, cheko limemwisha. Mimi nikafunga rili mpya kwenye fimbo, nikafuata. Watu wale wale wa siku ile walikuwapo, wakitengeneza nyavu. Shemeji akasimama katikati yao, akasema ni rili iliyokufa, si mkono wa mzee. Alisema haraka haraka. Baba akamrudisha aseme tena, taratibu.

Kisha akabana mkia wa fimbo kwapani, akapeleka mkono wa kulia kwenye kile kishikio kipya. Vidole vilikwenda kimoja kimoja, kama wazee wanaoingia kanisani. Nikajongea nimsaidie kufungua kile kiwaya kinachozuia mshipi.

"Toka nyuma yangu," akasema bila kunitazama. "Ndoana haina macho."

Nikatoka. Akarusha. Chubwi likaanguka mbali, kwenye lile tope, naye akaanza kuzungusha, polepole, meno ameyauma. Mpaka jua linashuka hakunisemesha neno jingine, na mimi nilikaa upande wa upepo, nikikitazama kiwiko cha mkono ule kikizunguka, nimekasirika, nisijue nimkasirikie nani zaidi.