Usingizi wa Baba Ndani ya Kaseti

Baba alikuwa akisinzia popote. Alisinzia kwenye banda la kupimia majani chai akiwa amesimama kwenye foleni, kikapu mgongoni, na aliyekuwa nyuma yake alimsukuma kwa goti zamu yake ilipofika. Alisinzia kanisani, naye alikuwa mzee wa kanisa aliyeketi mbele kando ya mhubiri, mahali ambapo kila mtu alimwona. Sabato moja alisinzia katikati ya sala aliyokuwa akiiomba yeye mwenyewe. Tulingoja, macho tumeyafumba. Mwishowe mwanamke mmoja kutoka viti vya nyuma akasema "Amina" kwa sauti, baba naye akadakia "Amina" kana kwamba ndiye aliyemaliza.

Kwetu Sironga walimtania. "Mzee huongea na Mungu ana kwa ana," walisema. "Sisi wengine tunatuma barua."

Lakini ulipofika wakati wa nyimbo, yeye ndiye aliyezianzisha. Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, na kanisa zima lilijua pa kuingilia. Hilo halikutaniwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Nairobi, na kwa likizo ile ndefu mhadhiri wangu wa historia alikuwa amenipa kinasa sauti cha betri na kaseti chache ili nizunguke Kisii na Nyamira nikikusanya kumbukumbu za wazee. Nilikuwa nimefundishwa kuuliza: nani alikuambia, uliona mwenyewe, wengine walisemaje? Nyumbani walikuwa wameshanichoka. Nilimuuliza mhubiri maswali mpaka akaacha kupitia njia ya kwetu.

Mama aliniambia habari yenyewe tukiwa shambani, tunachuma majani.

"Baba yako hufa kila usiku," alisema. Vidole vyake havikusimama.

"Hufaje?"

"Anakoroma, kisha anakata. Kimya. Halafu namsukuma kwa goti, anarudi."

"Anakata kwa muda gani?"

"Siku njema nafika penye chakula. Siku mbaya napita penye makosa. Juzi nilifika Amina."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akipima kwa Sala ya Bwana. Hakuwa na saa, na taa ya chemni ilizimwa mapema. Nilivua saa yangu nikamwomba aisome sala kama aisomavyo usiku. Akaisoma, huku akichuma. Mpaka penye kuomba chakula cha leo zilikuwa sekunde kumi na tano hivi. Mpaka Amina ilikuwa nusu dakika na zaidi kidogo.

"Na moyo?"

"Naweka mkono hapa." Alijigusa kifua na kuacha doa la kijani kwenye blauzi. "Unapiga, unapiga, unaacha. Kisha unapiga miwili kwa pamoja kama umechelewa mahali."

"Tangu lini?"

"Kabla wewe hujatahiriwa."

Nilitazamia kuingiwa na hofu. Badala yake nilihisi kama mtu anayesomewa hali ya hewa ya mji wa mbali. Nikaandika kwenye daftari langu: kumi na tano, thelathini na tano.

Ningependa kwenda kujisikilizia mwenyewe, lakini kwetu haiwezekani. Mwana wa kiume akishatahiriwa hakanyagi chumba cha kulala cha wazazi wake. Nilikuwa na nyumba yangu ndogo, saiga, upande wa pili wa uwanja, na chumba kile sikuwa nimekiona tangu nikiwa na miaka kumi. Mjukuu angeruhusiwa hata kulala kitandani na babu yake, lakini wajukuu wote walikuwa Nyamache kwa dada yangu. Nilikuwa nimeandika insha nzima chuoni nikiuliza desturi kama hii ina maana gani kwa watu waliokwisha kubatizwa. Nilipata alama nzuri. Mlango wa chumba kile sikuugusa.

Nilimpeleka baba kwenye hospitali moja mjini Kisii. Daktari alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Mzee, usiku unasikia nini?"

"Usiku mimi nalala, daktari."

Muuguzi alicheka. Daktari alinivuta kando akasema kwamba mchana moyo ule haukuwa na neno kubwa, kwamba alichohitaji ni kumsikia akiwa amelala, na kwamba hana pa kumlaza kwa sababu vitanda vya wodini vilikuwa na watu wawili wawili.

Ndipo nilipokumbuka kinasa sauti. Nilimwonyesha mama vitufe viwili vya kubonyeza pamoja. Alikigeuza mikononi kama anayekagua kuku sokoni.

"Kitamnasa yeye peke yake, au na mimi?"

"Kitanasa kila kitu, mama."

Alifikiri kidogo, kisha akakifunga ndani ya leso yake na kuondoka nacho. Asubuhi alinirudishia.

Niliisikiliza kaseti ndani ya saiga, saa nne ya asubuhi, mlango wazi, kuku wakipita. Baba alikoroma kama mtu anayeburuta meza. Kisha akakata. Katika ule ukimya nilisikia mama akinong'ona sala. Alipofika mwisho na bado kukiwa kimya, aliongeza maneno machache ya kwake. Hayo siyaandiki. Kisha kitanda kikalia, baba akavuta pumzi kwa kishindo, na yote yakaanza upya. Nilihesabu mpaka upande wa kaseti ukaisha. Kazi ya kuhesabu ilinitosha, sikuhitaji kuhisi kitu kingine.

Wiki iliyofuata tulirudi mjini, baba na mimi. Nilimwambia baba kwamba daktari anataka kumwona tena. Sikumwambia kilichokuwa kwenye mfuko wangu.

Daktari aliirudisha kaseti nyuma kupita kiasi, na chumbani ikatokea sauti ya mzee mwingine akieleza kwa kirefu jinsi ng'ombe wa babu yake walivyoibwa.

"Ndiye huyu?"

"Hapana, huyo ni mzee wa Suneka."

"Huyo anapumua vizuri," daktari alisema, akaisogeza mbele.

Kisha ikasikika sauti ya baba. Alikaa kwenye stuli, kofia juu ya magoti, akijisikiliza. Mwanzo alitazama huku na huku kumtafuta mwenye kelele. Ukimya ulipokuja, muuguzi aliacha kuandika. Sauti ya mama ikaanza chini chini, na hapo daktari akazima.

Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi. Koo la mzee hujifunga akilala. Hewa haipiti, na moyo unahangaika. Moyo unaohangaika hivyo kila usiku, siku moja huchoka. "Ingekuwepo mashine ya kumsukumia hewa usiku kucha, ningempa leo. Niliyonayo ni ya chumba cha upasuaji, ni moja tu, na hailali bure."

"Na hiyo mashine kwangu italala wapi?" baba aliuliza. "Kitanda iko moja."

Walicheka wote isipokuwa mimi, maana niliiona mishipa ya shingo yake ilivyosimama.

Daktari akasema kuna njia nyingine, aliyoisoma kwenye jarida la madaktari, na Nairobi yuko mtu anayeweza kuifanya. Watamtoboa tundu kooni na kutia mrija. Mchana utazibwa, usiku utafunguliwa, hewa ipitie hapo.

"Na wimbo itapitia wapi?"

"Kuzungumza utaweza, mzee, ukiziba kwa kidole. Kuimba siwezi kukuahidi."

Baba alikitazama kinasa sauti mezani. Aliponigeukia, alisema kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani.

"Hiki kilikuwa chumbani mwangu?"

"Ndiyo, tata," nilimjibu, kama tumwitavyo baba kwetu.

"Wewe unayeuliza kila kitu. Hili uliniuliza?"

Alivaa kofia, akamshukuru daktari, akatoka. Nilimkuta kwenye kituo cha magari akiwa amesinzia wima.

Kwa siku nyingi baada ya hapo hakunisemesha. Hakunikemea wala kunifukuza. Nilipoingia uwanjani alikuwa na jambo la kuangalia kwenye migomba. Mama naye hakuguswa na hasira hiyo, nadhani kwa sababu baba hakujua aanzie wapi. Mama alishona gunzi la mahindi mgongoni mwa shati la baba la kulalia ili asilale chali. Lilisaidia siku mbili, kisha akazoea kulilalia.

Habari ikaja kutoka Nyamache kwamba dada yangu amejifungua pacha na hana wa kumsaidia. Mama alikaa jikoni na barua mapajani. Alikuwa akisubiriwa huko, na hapa palikuwa na baba. Nilimwambia aende. Aliniuliza nani atamsukuma. Nikarudia kwamba aende. Alikwenda Jumapili asubuhi, akanipita mlangoni pangu bila kusimama.

Usiku huo taa ilikuwa ikiwaka katika nyumba ya baba hadi nilipolala, na nilipoamka ilikuwa ikiwaka bado. Hakuwa amelala. Asubuhi alipeleka majani kwenye banda la kupimia kama kawaida. Saa nane mchana alirudi, akatoa kiti chake cha kuegemea, akakiweka chini ya upenu wa ghala, mkabala na mlango wa saiga yangu. Uwanjani hapana katazo. Hapo baba na mwana hukaa.

"Nitapumzika hapa," alisema, akiwa amemtazama mbwa. "Jua likifika miguuni, niambiwe."

Nilitoa kigoda nikaketi mlangoni na kitabu. Alianza kukoroma kabla sijafungua ukurasa. Kisha akakata. Saa ilikuwa mkononi mwangu, lakini nilijikuta nikihesabu kwa sala ya mama, mimi ambaye nilikuwa nimeacha kusali tangu mwaka wa kwanza. Nilifika penye chakula. Nilifika penye makosa. Uso wake ulikuwa ukibadilika rangi.

"Tata."

Akavuta pumzi. Hakufungua macho. "Jua limefika?"

"Bado."

"Basi."

Ikawa hivyo mchana ule wote. Kimya, tata, jua limefika, bado, basi. Jirani mmoja aliyekuja kuazima panga alisimama akatusikiliza.

"Hili jua lenu lina safari ndefu," alisema, akaenda zake.

Siku ya tatu jua lilishafika miguuni likapita, likapanda hadi tumboni, na nilipoulizwa nilisema bado.

Siku ya nne baba aliketi bila kufumba macho. "Ile kaseti unayo?"

"Ninayo."

"Mama yako huko ndani anasemaje?"

Nilisema sijui namna ya kumweleza. Niliingia saiga nikakileta kinasa sauti, nikakiweka kwenye mkono wa kiti, nikamwonyesha kitufe. Kisha nilichukua kikapu nikashuka hadi mwisho wa shamba, mahali ambapo hakusikiki kitu isipokuwa mto, nikachuma majani mpaka nilipodhani upande wa kaseti umekwisha. Nikachuma zaidi kidogo.

Niliporudi alikuwa amekaa wima. Mkanda ulikuwa umefika mwisho, na hakujua kuzima, kwa hiyo kilikuwa kikinguruma bure. Nilikizima.

"Mama yako hulala saa ngapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimemuuliza mama mambo mengi. Nilikuwa nimepima sala yake kwa sekunde. Hilo halikuwamo kwenye daftari langu.

"Sijui, tata."

Alikifuta kinasa sauti vumbi kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Lete kalamu. Mwandikie yule daktari."

Nilimwandikia pale pale, daftari likiwa gotini. Baba alisema niandike kwamba amekubali, na kwamba angependa iwe baada ya mkutano mkubwa wa kanisa, ili aanzishe nyimbo za siku hiyo. Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, sawasawa, kama wa mtu anayenakili.

Mama alirudi Ijumaa kabla jua halijatua, Sabato isimkute njiani. Alisema pale Nyamache alilala usiku wa kwanza mpaka kukacha, pacha wakalia pembeni yake asisikie, na dada yangu akadhani ni mgonjwa. Alisema hivyo kwa aibu, kama anayekiri kosa. Baba alisikia, akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Alipasuliwa Nairobi mwaka huo huo. Sasa huziba mrija kwa kidole anapotaka kusema, na kwa sababu ni kazi, husema machache. Usiku anapumua kama mlango unaopitisha upepo, ndivyo mama asemavyo. Mwanzoni mama alikuwa akiamka na kuweka mkono mbele ya mrija kuangalia kama upepo upo. Siku hizi haamki. Ng'ombe hukamuliwa jua likiwa limeshapanda, na majirani wanasema mama amekuwa mzito wa kuamka.

Kanisani nyimbo zinaanzishwa na mtu mwingine. Huanza juu mno, na ukifika ubeti wa pili wanawake peke yao ndio wanaoimba. Nikiwa likizoni huwa naenda. Nakaa nyuma. Baba yuko mbele, macho wazi, anasubiri wimbo uishe.