Wiki Tatu za Mi Bemol

Kwa miaka kumi na nane nimepiga kinanda katika kwaya ya parokia yetu hapa Kisangani, na miaka yote hiyo nilijua kupiga kwa do tu, ufunguo wa noti nyeupe peke yake. Nasema mwenyewe kabla mtu mwingine hajanisemea. Kinanda cha umeme kina kifungo kinachopandisha au kushusha sauti yote: waimbaji wakianza juu unabonyeza mara mbili, wakianza chini unashusha, na vidole vyako vinabaki pale pale kwenye do. Wapigaji wengi wa mji huu tunaishi hivyo. Kisha, kwa ujasiri nisioujua ulitoka wapi, nikaanza kufundisha.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa mjane wa makamo, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu. Alikuja kwangu na neno moja tu: siku ya misa ya mwaka mmoja tangu mumewe afariki, apige mwenyewe ule wimbo wa komunyo ambao marehemu aliupenda. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini hakukosa somo hata moja. Kila wiki alipata kipande kidogo, na baada ya miezi sita mikono yake yote miwili ilitembea pamoja. Nikajisifu moyoni.

Wiki tatu kabla ya misa, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakiunguza kinanda cha parokia. Ikabaki piano ya zamani ya mapadri, ya mbao na nyuzi. Tulikwenda kuijaribu, kiongozi wa kwaya akiwepo. Mama yule aliketi akapiga kwa do, wimbo ukatoka vizuri, lakini kiongozi akasema sauti hiyo iko chini mno, wao wanauimba kwa mi bemol, ufunguo wa juu zaidi unaotaka noti nyeusi. Mwanafunzi wangu akanigeukia.

"Mwalimu, kifungo iko wapi?"

"Mama, hapa hakuna."

"Bon. Basi unionyeshe hiyo mi bemol."

Nilifikiria kusema nina homa.

"Mama, miye mwenyewe siyui."

Alinitazama kama anavyotazama gunia lililopungua. Kisha akasema, "Alors, tutayua pamoja."

Tangu hapo sikutulia. Kila asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, nilikuwa kwenye piano ile nikitafuta noti nyeusi nilizokuwa nimezikwepa maisha yangu yote. Nilikosea, nikarudia, nikakosea pale pale. Jioni nilimfundisha yeye kile nilichokipata asubuhi, nikiomba asiniulize cha mbele. Vidole havikukaa: vilipiga mezani wakati wa kula fufu, vilipiga kwenye beseni la nguo, hata mgongoni mwa dereva wa toleka, akasimamisha baiskeli yake akaniuliza kama nataka kushuka. Nyumbani waliniambia nipumzike, nikawajibu vibaya. Wiki ya tatu mama alinipita. Yeye aliujua wimbo wote, mimi bado nilibahatisha mkono wa kushoto, na niliona wivu, sitaficha.

Siku ya misa nilikaa kando yake. Wakati wa komunyo kiongozi wa kwaya, aliyezoea kuanza popote apendapo na mimi nimfuate, alianza chini sana. Ilikuwa re, pengine chini ya re. Tulikuwa tumejifunza mi bemol peke yake, hatukuwa na kitu kingine. Nikamnong'oneza mama aache, waimbe bila piano.

Hakuacha. Aliweka mikono magotini, akangoja wamalize ubeti wa kwanza. Kisha akabonyeza noti moja, mi bemol, akaishikilia. Kwaya ikasita. Akaipiga tena kwa nguvu zaidi, bila kumtazama mtu, na kwaya ikaacha kuimba hadi padri akageuza kichwa. Sauti moja ya mwanamke ikaipata noti ile, kisha ya pili, kisha wote, naye mama akaanza wimbo wa mumewe tangu mwanzo. Mkono wa kushoto ulikosea mahali pamoja, akaendelea.

Mimi nililia. Baada ya misa kiongozi wa kwaya alinifuata nje, amekasirika kidogo, akaniuliza ni nani aliyemfundisha mama yule kusimamisha kwaya nzima namna ile. Nilimwambia ukweli, kwamba si mimi.