Yudith, Mfagia Paa la Ghala la Chumvi

Jua ndiyo kwanza linachomoza Dodoma, na Yudith yuko juu ya paa, miguu mitupu. Amepanda kwa gogo lililochongwa vidato. Anapiga hatua, anatulia, anapiga nyingine. Chini yake ni ghala la chumvi la bwana Hassani, mfanyabiashara kutoka Kondoa, tembe refu la udongo, paa lake bapa, lililo karibu na reli ya Wadachi. Wapita njia wanamtazama wakidhani kapoteza kitu.

"Natafuta panapobonyea," anasema. "Mchwa wakila boriti, huwezi kuona kwa macho. Nyayo zinanieleza."

Kila siku anafagia paa, anang'oa majani yaliyoota na kuzibua mifereji. Nyufa huziziba kwa udongo uliokandwa pamoja na mavi ya ng'ombe, kama alivyofundishwa na mama yake huko Mlali. Analipwa rupia tano kwa mwezi. Ndizo zinazolisha nyumba, kwa kuwa mumewe, Sila, hajiwezi tangu alipoanguka mtini akirina asali.

Mwaka juzi Hassani aliona kazi hiyo ni ushamba mtupu.

"Nilijiuliza, nani mwenye akili zake anafagia paa?" anasema, akicheka kwa aibu. "Wageni hawapandi huko."

Akamwachisha kazi katikati ya kiangazi, mbinguni hakuna hata wingu. Mvua ya kwanza ikakuta mifereji imeziba. Maji yakatuama juu, boriti mbili zilizoliwa na mchwa zikakatika, na magunia arobaini ya chumvi yakaloa chapachapa. Hassani alisimama mlangoni akitazama mali yake ikitiririka nje bila mnunuzi. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa kina Yudith kumwomba radhi na kumrudisha kazini.

Sasa kumezuka jambo jingine. Mabati yanaletwa kwa gari la moshi, na Hassani ameagiza ya kuezekea ghala zima. Kuta zitainuliwa, udongo utaondolewa. Yudith naye je?

"Niliogopa sana," anasema. "Lakini nikataka kujua, hilo bati lenyewe likoje?"

Akaomba ruhusa kwa mwenye duka jirani, lililokwisha kuezekwa bati, akapanda juu. Alikuta misumari miwili imelegea, kutu imeanza kuuma kingo, na majani makavu yamejazana kwenye mfereji.

"Nilifurahi," anakiri. "Halafu nikaona haya, kufurahia kutu ya mwenzangu."

Mwenye duka alipigilia misumari mipya, akampa Yudith mmoja wa ile mibovu. Akaupeleka kwa Hassani, akamweleza aliyoyaona juu ya bati. Mzee wa chumvi aliugeuzageuza kiganjani, kisha akamuuliza anahitaji nini kwa paa jipya.

"Ngazi ndefu, bwana," Yudith akajibu. "Na kiangazi kikija, usiniambie nipumzike."

Ngazi imeshaegemezwa ukutani, inangoja bati.