Damu ya Salum, Posa ya Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya Mapinduzi, nilifika maabara ya hospitali mjini na shati lililopigwa pasi na cheti cha sekondari mkononi. Mkuu wa maabara hakukitazama. Alinionesha hadubini akasema, "Hapa tunatumia macho. Mdomo uache barazani kwenu." Nikacheka.

Kazi niliipenda. Tone la damu unalitandaza juu ya kioo chembamba, unalipaka rangi, kisha unahesabu chembe. Alipoletwa Salum, seremala wa Kiembe Samaki, bandama limevimba mpaka mkanda haumfungi, kioo chake kilijaa chembe nyeupe kama uwanja wa Sikukuu. Daktari wetu, mgeni, akamchoma sindano kwenye mfupa wa kidari akavuta uboho, ule ute unaotengeneza damu. Ilikuwa saratani ya damu, ile ya polepole.

"Kwa vidonge ataishi miaka," daktari alimwambia mkuu. "Ingekuwa ile kali, tungehesabu wiki. Siku hizi wanasema chanzo ni kasoro ya kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe."

Mimi nilishika neno urithi tu. Alasiri ile barazani, mzee mmoja wa Makunduchi, ambaye mwanawe alimposa Zuhura, dada yake Salum, akaniuliza hali ya mgonjwa. Nikajitia bingwa: "Saratani ya damu, mzee. Imo kwenye ukoo wao."

Wiki haikwisha, posa ikavunjwa. Zuhura akaja maabara, buibui limemkaa upande.

"Wewe ndiye uliyenipima damu?"

"Hapana, Bi Zuhura."

"Sasa umejuaje kama imeoza? Sijakutolea hata tone!"

Mkuu hakupiga kelele. "Kasoro ile imezuka ndani ya uboho wa Salum, ukubwani. Hakuzaliwa nayo, wala dada yake haimhusu. Kesho tunakwenda Makunduchi, na utasema wewe."

Kesho yake, Makunduchi, nikaanza mimi: "Shikamoo, mzee. Nlikosea."

"Marahaba. Ulikosea kupima?"

"Kupima sikukosea. Nlikosea kusema." Nikamweleza yote.

Mzee akashika kichwa. "Na mimi nshamkataa mtoto wa watu! Mwanangu hali chakula, ananitazama kama mimi ndiye maradhi. Haya, tutakwenda kuomba radhi. Halua utabeba wewe."

Nikaibeba mpaka Kiembe Samaki. Zuhura alituacha tusimame uani kitambo, ndipo akakubali. Kitanda cha harusi alikichonga Salum mwenyewe, na akaishi mpaka akawachongea wapwa wawili cha kwao.

Nimestaafu sasa. Vijana niliowafundisha wana mashine zinazosoma hata hizo kromosomu. Lakini Salum maradhi yake aliyajua kwa watu kabla daktari hajakaa naye kumweleza, na hilo halikuwa na halua ya kulifuta. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha, akaendelea kupiga randa bila kuinua uso.

Bi Zuhura tukikutana Darajani, hunipandishia mkono wa buibui mbele za watu: "Fundi, tone lako hili hapa. Hulitaki bado?"

Nami hufunga mdomo, nikapita.