Nilifukia duara bure, wanakijiji wakalifukua kutafuta nilichoficha

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Hii siyo chai. Shimo lenyewe lipo, na beleshi nililishika mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Tinde, umri umeshavuka arobaini. Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mahali. Nimekaa Nyasubi pale Kahama, nimeshuka mashimo ya Geita miaka mingi, na sasa nimepanga chumba kwenye kijiji kimoja ndani ndani, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Buseresere. Hapa wananiita Tinde, basi.

Kwa asiyejua, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Wachimbaji wakiona halitoi kitu wanahamia jingine, lile linabaki wazi. Hapa kuna moja la futi kumi na mbili, hatua chache tu kutoka njia ya watoto wa shule.

Mwaka huu mtamba wa jirani yangu, Mama Kulwa, alitumbukia humo akavunjika shingo. Wanaume wakamvuta kwa kamba, nyama ikaliwa kijiji kizima, shimo likaachwa vilevile.

Mama Kulwa ana mapacha, Kulwa na Doto, wako darasa la kwanza. Na mvua zikianza, duara linajaa maji ya udongo, majani yanafunika mdomo, hata mtu mzima halioni.

Akaniambia, "Tinde, wewe umezoea mashimo. Wanangu watapita pale mpaka lini?"

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akatangaza msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe.

Siku ilipofika hakutokea mtu. Huyu jembe lake limevunjika mpini, yule beleshi kaliazimisha, mwingine mgongo. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na kikao.

Nilipokuwa mdogo kule Tinde, upepo ukiezua nyumba ya mtu, yowe moja lilitosha. Watu walikuja na nyasi mabegani. Labda nimezeeka, nakumbuka mazuri tu. Turudi kwenye uzi.

Tukaanza wawili, mimi na toroli la kuazima, Mama Kulwa na ndoo kichwani. Siku kumi na moja, kila jioni, tunasomba kifusi. Wapita njia wanatutania.

"Tinde, bosi wako nani?"

"Sina bosi."

"Aah! Mtu wa Geita ashike udongo bure?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea, nilidhani ni utani.

Tulimaliza Jumamosi. Jumapili nikaenda gulioni Buseresere. Narudi saa tisa alasiri, nakuta watu kama ishirini pembeni ya duara. Wana sururu, mabeleshi, majembe yenye mipini mizima kabisa. Wameshafukua zaidi ya nusu!

Wakuu, nikakimbilia pale.

Kumbe maneno yalikuwa yamezunguka: Tinde kaona mwamba wa dhahabu, anaufukia ili watu wausahau, aje achimbe peke yake. Na mwenyekiti yumo, kakunja suruali mpaka magotini.

"Mwenyekiti, hata wewe?"

"Tulia, Tinde. Watu wanafukia maiti au wanafukia mali. Msiba hatujausikia."

Wakaangua kicheko. Nikataka kufunga begi nihame siku ileile, kama nilivyozoea. Mama Kulwa akanishika mkono.

"Waache wafike chini."

Wakafika. Jamaa mmoja akashuka na detekta, kile kifaa cha kutafutia madini. Ikalia! Kelele zilizopigwa hapo siwezi kuziandika. Watu waliokuwa na mgongo siku ya msaragambo wakawa wanasukumana kushuka. Jamaa akapapasa kwenye udongo, akatoa kitu, watu wakakipokezana mpaka juu.

Kengele ya ng'ombe. Ya yule mtamba.

Mama Kulwa akaichukua, akaifuta kwa khanga yake. Wala hakupaza sauti.

"Nyama yake mlikula wote. Dhahabu yake ndiyo hii. Sasa majembe si mnayo?"

Mwenyekiti ndiye aliyerudisha beleshi la kwanza la udongo. Kazi iliyotutesa siku kumi na moja, wao waliimaliza kabla jua halijazama. Wengine walinuna mpaka mwisho, na mmoja anadai hadi leo kwamba tulichimba pembeni kidogo.

Na hicho ndicho kinachoniuma. Nguvu zilikuwepo. Majembe yalikuwepo. Yalitoka ndani kwa ajili ya kufukua tu. Watoto wawili wa darasa la kwanza hawakutosha kuyatoa.

Mimi nilichojifunza: ukijitolea sehemu za dhahabu, usifanye kimyakimya. Waite kwanza waone mpaka chini, ndipo ufukie. Inaudhi, lakini wema usioelezwa huku unaonekana wizi.

Malipo yangu? Mama Kulwa aliniambia "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma. Na ile kengele kaifunga kwenye begi la Doto. Mvua zimeshaanza. Asubuhi nikiwa bado kitandani naisikia inapita pale pale, haisimami, inaenda shule.

Begi langu bado sijalifunga.

Mliowahi kujitolea mkaitwa wezi, njooni mseme hapa. Na wewe uliyelificha beleshi uvunguni, komenti pia, utueleze unalisubirisha nini.