Bunduki Iliyopindwa kwa Heshima

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani na sioni haya kusema. Vijana wenzangu wa Takaba wakisikia lori la mifugo linanguruma, wanaruka juu hata kabla ya kuuliza linakwenda wapi. Mimi nilifika Garissa mara moja, nikalala kwa jamaa zetu kule Iftin, na kulipokucha nilikuwa nauliza gari la kurudi. Kwa hiyo nilipochukuliwa kuwa polisi wa akiba, baada ya shule ya upili kunitema bila kunipa cha maana ila hiki Kiswahili ninachokusumbua nacho, niliomba kitu kimoja tu: nilinde kisima cha mji wetu. Nikiwa pale, mama akiniita kwa sauti nasikia, na chai ikimiminwa karibu nisikie pia.

Nilipewa kisima. Halafu ikaja amri. Kila polisi wa akiba angepimwa shabaha, umbali wa mita mia tatu. Atakayepiga ubao angebaki kituo chake. Atakayekosa angepelekwa kambi ya mpakani, akae huko akifundishwa mpaka aive. Wenzangu walicheka. Mimi usingizi uliniruka.

Nilikuwa natumia bunduki moja na abti. Abti ndiye mjomba wangu, kaka wa mama, mwanamume mwenye ndevu zilizotiwa hina na sifa ndefu kuliko ndevu hizo. Tulikuwa tunapokezana zamu kisimani. Akiondoka yeye naichukua mimi, na nikiondoka mimi anaichukua yeye. Kwetu kila mtu aliapa kwamba abti hajawahi kukosa shabaha. Ukikaa kwenye harusi ya kwetu, kabla wali haujafika utakuwa umeshasikia habari za fisi aliyemwangusha kutoka ng'ambo ya lagha, ule mto wetu wa mchanga usio na maji.

Sajini aliyetufundisha alitoka Kenya, kama tunavyosema watu wa huku, utadhani sisi tuko Brazili. Mkali, lakini kazi yake aliijua. Nilijifunza kulala kifudifudi juu ya changarawe yenye moto, kitako cha bunduki kikae vizuri begani, shavu litulie mahali pale pale kila mara. Uvute pumzi, uitoe nusu, usimame hapo. Kifyatulio hakivutwi kwa nguvu. Kinabanwa polepole kama unavyomkamua ngamia ambaye bado hajakuamini. Jua likipanda, ardhi inachemka na ubao unaanza kuogelea kwenye mazigazi, basi unangoja. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, unatazama vumbi la mbuzi kule mbele linaelekea wapi kabla ya kujiamini. Mimi mvivu wa kutupwa, niliyafanya yote hayo kwa bidii ambayo walimu wangu hawakuwahi kuiona. Viwiko vilichubuka. Mama alinipaka samli akanicheka.

Na risasi zangu zote zikaenda kulia.

Hazikuwa zimetapakaa. Zilikaa pamoja kama mbuzi kwenye kivuli, lakini juu kulia, nje kabisa ya ubao. Leo kulia, kesho kulia. Mtoto wa abti, binamu yangu ambaye ndiye aliyekuwa akisafisha bunduki ya baba yake, alikuja kila siku kuchuchumaa nyuma yangu apate cha kwenda kusimulia.

“Warya, wewe kijana, ubao uko huku! Au umeona chai ya mama yako upande ule?”

“Nyamaza nilenge.”

“Lenga, lenga. Mpakani kuna chai pia. Wanaweka mchanga badala ya sukari.”

Nilikasirika mpaka nikawa nasikia damu masikioni. Nikalaumu macho, nikalaumu mikono, nikaacha hata kunywa chai asubuhi, na anayenijua atakwambia hilo ni jambo la kumwita sheikh.

Sajini ndiye aliyeniambia. Aliinama akatazama matundu kwenye karatasi tuliyoitundika pembeni mwa ubao ili izinase, akasema, “Mkono wako hauna shida. Mtu asiyejua kulenga hawezi kukosa mahali pamoja hivi. Angalia bunduki.”

Nikaangalia. Kile kijiti cha mbele cha kulengea kilikuwa kimesukumwa upande na kushushwa, na ubavuni kina alama za meno ya koleo. Nikamfuata binamu yangu dukani kwao.

“Nani amegusa kijiti?”

Hakukana hata kidogo. “Mimi. Zamani. Baba akifyatua anafumba macho na kushtuka. Risasi zinaenda chini kushoto. Sasa tufanye nini? Tukasogeza kijiti, zikaanza kupiga.”

“Mbona hamkumwambia afumbue macho?”

Akanitazama kama nimetukana msikitini. “Nani amwambie? Wewe?”

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Kwetu huwezi kumwambia mwanamume wa umri ule kwamba anaogopa mlio. Utasema bunduki ni mgonjwa. Kila mtu ataitikia, wallahi, bunduki hii ni mgonjwa, na mtu mmoja atakwenda kimya kimya kuitibu kwa koleo. Wakaipinda bunduki ili mzee asinyooshwe. Mimi nililala juu ya changarawe hadi viwiko vikatoa maji, nikachekwa na mji mzima, kumbe nilikuwa nalenga kwa woga wa mtu mwingine. Na wote walijua! Binamu alikuwa anacheka huku anajua. Siku ile ningepewa koleo lile mkononi, sijui ningelitumia kwenye nini.

Lakini sikulitumia. Nilinyamaza, kwa sababu mimi pia ni wa nyumba ile. Nikajizoeza kulenga kichaka cha kushoto ili risasi ipige ubao. Ujinga, najua. Ila nilikuwa nimeanza kuupata ubao.

Siku ya kupimwa, nusu ya mji ilikuja. Wanawake walikaa chini ya turubai, wazee kwenye viti vya plastiki. Sajini akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: alichukua kila bunduki, akaipiga mwenyewe kwanza, na iliyokuwa imepinda akainyoosha. Alipofika kwa yetu alipiga, akaguna, akatoa kifaa chake kidogo mfukoni, akarudisha kijiti mahali pake. Nilimwona binamu yangu akishika kichwa.

Abti akaitwa kwanza. Akatembea kama bwana harusi, akalala, akafyatua. Vumbi likaruka chini kushoto. Akafyatua tena. Chini kushoto. Zote zilimalizikia hapo hapo. Aliinuka akiitazama ile bunduki kama mke aliyemtoroka.

Kisha zikaanza kelele. “Sajini ameiharibu!” “Ilikuwa nzima mpaka mtu wa Kenya alipoigusa!”

Jina langu likaitwa. Nilipokuwa nalala chini, binamu alijifanya ananiletea maji, akaninong'oneza sikioni.

“Kosa.”

“Nini?”

“Ukikosa na wewe, ni bunduki. Ukipiga, ni baba. Kosa tu, ndugu yangu, kwa ajili ya Mungu.”

“Nikikosa napelekwa mpakani.”

“Wewe kijana, utazoea.”

Utazoea! Mimi, ambaye Iftin ilinishinda! Nikatazama turubai nikamwona mama, na mama akanipa ishara ndogo ya kichwa. Kaka yake. Alikuwa ananiomba kitu kile kile. Mama yangu alikuwa ananiomba nikae mpakani ili kaka yake aendelee kusimulia habari za fisi.

Hasira ni kitu kibaya sana kwa shabaha. Moyo unagonga kitako na ubao unarukaruka. Ningefyatua wakati ule ningekosa bila kujaribu, na kila mtu angefurahi. Nikafunga mdomo nikangoja. Sajini akauliza kama nimelala usingizi, watu wakacheka, nikangoja. Vumbi likatulia. Nikakiacha kile kichaka cha kushoto, nikalenga ubao wenyewe. Nikatoa pumzi nusu, nikabana.

Ubao ukalia. Nikabana tena, ukalia tena. Sikukosa hata moja. Kama ningekuwa na risasi zaidi ningeubomoa.

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa sajini.

Basi nikabaki nyumbani. Hongera kwangu. Mama alinipa chai ya rangi, isiyo na maziwa, katika nyumba yenye ngamia wawili wanaokamuliwa. Aliiweka chini mbali kidogo, kama unavyomwekea mtu wa kupita. Shangazi zangu wakaniita “bwana shabaha” na wakageuka upande wa pili. Nikiingia sebuleni mazungumzo yanakatika, nikitoka yanaendelea. Nilipigania nyumba, nikaipata, na hakuna mtu ndani yake aliyetaka kunisemesha. Nami sikuomba msamaha. Niombe wa nini? Wa kufumbua macho?

Alasiri moja abti akaingia uani bila hodi, bunduki mkononi, uso mweusi kwa hasira. Mama alikuwa jikoni. Nikasimama.

“Sajini amenipa nafasi ya kurudia,” alisema. “Na ameniambia kijiti kilikuwa kimepindwa kwa koleo, siku nyingi. Nani?”

Nikatazama mlango wa jiko.

“Nimekuuliza.”

“Mwanao. Kwa sababu yako, abti.”

“Sababu gani?”

Nikavuta pumzi, ile ya kutoa nusu. “Ukifyatua unafumba macho.”

Nilidhani atanipiga. Alinitukana mimi, akamtukana mwanawe, akamtukana sajini na bibi yake sajini. Kisha akafungua bunduki, akanionyesha kwamba haina risasi, akalala chini katikati ya ua wetu, kati ya kuku.

“Tazama, mwongo wewe.”

Bunduki ikafanya ta.

“Umefumba.”

“Sijafumba!”

Ta.

“Umefumba, abti! Mpaka ndevu zimeruka!”

“Hewala! Mtoto wa juzi ananifundisha!”

“Nakufundisha, ndiyo. Nani mwingine atakufundisha? Hawa wanaokupindia vyuma?”

Ta. Safari hii alijua mwenyewe. Alibaki amelala, shavu kwenye kitako.

Mama akatokea mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. “Huyo,” alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, “tangu mdogo anafumba macho hata mbuzi akichinjwa. Baba yetu alikuwa akimtuma kuchota maji ili asionekane.”

Abti akainua kichwa polepole. “Kwa hiyo na wewe ulijua.”

“Nani hajui?”

“Na mkaniacha niseme mambo ya fisi? Kwenye harusi za watu? Miaka yote hii?”

Mama akatazama mwiko wake. Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko abti, wallahi, maana angalau yeye hakuchubuka viwiko. Nikamwinamia, nikamwekea shavu lake vizuri kwa kiganja changu, si kwa upole sana.

“Tena,” nikasema. “Na ukifumba nasema.”