Usiku wa vichekesho pale Kakuma, na kicheko kilichokuwa kinachelewa

Wakuu, salaam. Na kwa wale wa nyumbani Turkana, ejok.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kama una haraka, pita tu, sitakasirika.

Mnaukumbuka ule usiku wa Alhamisi, stesheni moja ilipokuwa inatuwekea vichekesho vya familia vitatu mfululizo kabla ya taarifa ya habari? Juzi mtu ameuliza hapa viliishia wapi. Nikashindwa kulala vizuri.

Mama alikuwa na hoteli ndogo Kakuma mjini, ya chai na maandazi. TV moja, betri ya sola. Alhamisi viti vilijaa, wengine walikalia mitungi ya maji.

Sasa, mama anajua Kiturukana tu. Kiswahili chake ni cha bei ya maandazi. Kwa hiyo mimi nilikaa ubavuni kwake nikimweleza kila neno. Upande wake wa pili alikaa Mama Nyandeng, mama wa Sudan Kusini kutoka kambi ya wakimbizi ya hapo Kakuma, muuza mboga. Yeye alielezwa na binti yake Nyandeng kwa Kiarabu cha Juba.

Ndiyo maana kwetu watu walicheka kwa zamu.

Walimu na madereva wa malori ya Lokichoggio walianza. Halafu mama. Mwisho kabisa Mama Nyandeng, wengine wakiwa wameshanyamaza, anapiga meza mpaka chai inamwagika. Hapo mama anacheka tena.

Mimi na Nyandeng tulijiona watu wa maana sana. Bila sisi nani angeelewa?

Kisha familia ya Nyandeng ikapata safari ya kuhamia ng'ambo, nchi ya baridi. Siku ya kuondoka mama aliwafungia maandazi, wakashikana mikono na Mama Nyandeng muda mrefu bila neno. Wangesema kwa lugha gani?

Stesheni nayo ikaondoa vile vipindi, ikaweka tamthilia za nje. Mimi nikapata kazi Lodwar, duka la vifaa vya ujenzi. Magoti ya mama yakakataa kazi, hoteli ikafungwa.

Nilipompigia alisema, "Niko." Basi. Ndugu yangu anayekaa naye akaniambia, "Mathe siku hizi haongei. Anakaa tu hapo mlangoni." Wakuu, niliogopa. Niliona mama yangu anazimika nikiwa mbali.

Yeye na Mama Nyandeng walishajaribu kupigiana simu. Huyu anasema ejok, yule anasema kweis, yaani nzuri kwa Kiarabu chao, halafu kimya mpaka mmoja anakata. Wakaacha.

Basi nikavitafuta vile vichekesho mtandaoni, nikavipakua kwenye flashi, nikapanda gari la Kakuma. Nilijua nimepata dawa.

Jumapili baada ya kanisa nikawasha TV. Nilimtafsiria kuliko nilivyowahi kutafsiri. Mama uso mkavu.

"Zima," akasema.

"Lakini mama, ulikuwa unavipenda."

"Nilikuwa napenda kicheko cha yule mama. Hiyo TV ilikuwa yenu."

Nikabonyeza rimoti, picha ikasimama.

Nikampigia Nyandeng kwa video. Kumbe yuko kazini. Simu aliiacha nyumbani, akapokea mtoto wake, akamkabidhi bibi kisha akaenda zake kucheza. Mama Nyandeng huyo kwenye skrini, amevaa sweta mbili.

"Mama Akiru! Wewe nzuri?" Akiru ndiye mimi.

"Ejok," mama akajibu, na kimya kile kile kikaanza.

Sikuwa na mtafsiri wa upande ule. Nikaendeleza kipindi, nikageuza simu itazame TV, na mama nikamsogeza kando ya TV aonekane. Ilikuwa ile sehemu ambapo baba mwenye nyumba anajificha nyuma ya pazia wageni wasimwone, na miguu yote iko nje. Nikaanza kupaza sauti kwa Kiswahili chepesi nimweleze Mama Nyandeng.

Mama akanigusa goti. "Nyamaza. Tunaangalia."

Nikanyamaza. Mama hakuwa anatazama TV, alitazama simu. Network ya kwetu mnaijua. Picha ilikwama, nikafikiri imekatika.

Halafu kicheko kikaja. Kimechelewa vilevile, na meza inapigwa huko huko kwenye baridi.

Mama akacheka mpaka akafuta macho kwa shuka.

Siku hizi kila Jumapili wanaangalia, shemeji yangu wa hapo nyumbani ndiye anashika simu. Ndugu yangu anasema mama ameanza tena kuongea, hata kugombana na majirani.

Nilichojifunza ni kwamba wale wawili hawakutuhitaji mimi na Nyandeng. Walikuwa wanaelewana siku zote, sisi tulikuwa na kimbelembele tu. Nimefurahi, na imeniuma, yote mawili.

Mimi nimerudi Lodwar, chumba kimoja na laptop. Jioni naweka vipindi vilevile. Kiswahili nakielewa chote, kwa hiyo nacheka wa kwanza, kisha najikuta nimetulia nangoja wengine.

Wewe uliviangalia na nani, na yuko wapi sasa? Andika hapo chini. Nasoma zote, niko macho.